Barua za Mkono za Wapiga Piano wa Muziki wa Klasiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanaokusanya barua za wapiga piano, waliorithi moja bila kujua waifanyie nini, na wanaotamani kununua ya kwanza. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hapo ndipo watu hupoteza fedha zao, au huharibu karatasi ambayo haitapatikana tena. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: barua hununuliwa isomwe. Anayefuata saini peke yake hulipa bei ya barua nzima akaondoka na jina tu.

Muziki wenyewe haumo kwenye karatasi. Kwa nini basi nikusanye barua?

Chopin alifariki mwaka 1849, Liszt 1886, Clara Schumann 1896. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetuachia rekodi ya vidole vyake. Tunachobaki nacho ni nota walizotunga, ushuhuda wa waliowasikia ukumbini, na barua. Barua husema yale ambayo msikilizaji wa ukumbini hakuyajua: piano iliyokutwa mjini ilikuwa mbovu, mwanafunzi fulani aanzishwe na kipande kipi, ada italipwa lini, mkono unauma, safari imeahirishwa. Kazi ya kila siku ya mpiga piano imo humo, kwa maneno yake na kwa mwandiko wake.

Hata kwa walioishi zama za santuri jambo ni lile lile. Rachmaninoff alirekodi nyimbo nyingi, lakini santuri haikuelezi alivyochagua vipande vya msimu mpya au alivyochoka na safari za treni. Ukitaka kujua hayo, soma alichomwandikia mtu wake wa karibu.

Ni barua za nani zinazopatikana sokoni, na za nani ni adimu?

Liszt ndiye mlango ambao wengi wetu tumeingilia. Aliandika maisha yake yote, kwa Kifaransa na kwa Kijerumani, kwa wakuu wa nchi, wachapishaji, wanafunzi na watengenezaji wa piano. Alikuwa maarufu tangu ujanani, kwa hiyo waliopokea barua zake hawakuzitupa. Maelfu zimesalia. Sehemu kubwa ya karatasi zake iko Weimar, katika Goethe- und Schiller-Archiv, lakini vijibarua vya kukubali mwaliko au kumtambulisha mwanafunzi huonekana mnadani mara kwa mara.

Paderewski naye hapatikani kwa taabu. Huyu alikuwa mpiga piano aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Poland mwaka 1919, kwa hiyo barua zake zinawindwa na makundi mawili: wapenzi wa muziki na wakusanyaji wa nyaraka za siasa. Barua ya Paderewski inayohusu uhuru wa Poland itakushinda bei upesi kuliko inayohusu tamasha.

Clara Schumann alipiga hadharani kwa zaidi ya miaka 60, tangu alipotokea katika ukumbi wa Gewandhaus wa Leipzig mwaka 1828 akiwa na umri wa miaka 9. Kuanzia 1878 alifundisha katika Hoch Conservatory mjini Frankfurt, na barua za kipindi hicho zimejaa habari za wanafunzi. Kwangu mimi, barua zake za kazi ndizo zenye utajiri kuliko zote zinazoweza kununuliwa na mtu wa kawaida. Mwanamke huyu alipanga ziara zake, akalea watoto, akajadiliana na kumbi na kusimamia kazi za mumewe, mtunzi Robert Schumann, baada ya kifo chake mwaka 1856. Yote hayo aliyaendesha kwa kalamu.

Kwa karne ya 20, kumbukumbu kubwa nyingi zimekwisha kuingia maktaba: za Rachmaninoff ziko Library of Congress mjini Washington, za Horowitz ziko chuo kikuu cha Yale, za Glenn Gould ziko Library and Archives Canada mjini Ottawa. Zinazobaki mikononi mwa watu ni zile zilizotumwa kwa marafiki na mashabiki. Aliyekufa kijana huacha karatasi chache: Dinu Lipatti, mpiga piano wa Romania, alifariki Desemba 1950 akiwa na miaka 33 tu, na barua yake ikitokea, wanaoitaka ni wengi.

Kwa nini barua za Chopin ni nadra kiasi hiki?

Kwanza, hakupenda kuandika barua. Pili, alizoandika zimepita katika misukosuko mikubwa.

Septemba 1863, wakati wa maasi ya Wapolandi dhidi ya utawala wa Urusi, kulifanyika jaribio la kumuua mwakilishi wa Tsar mjini Warsaw, na shambulio likatokea kwenye jumba la familia ya Zamoyski. Askari wa Urusi walilivamia, wakatupa vitu nje na kuvichoma. Izabela, dada yake Chopin, aliishi humo. Piano ambayo Chopin alipigia ujanani ilirushwa dirishani, na barua alizokuwa akiwaandikia nyumbani kwa miaka mingi ziliteketea.

Barua alizoandikiwa Chopin na mpenzi wake George Sand, mwandishi wa kike wa Kifaransa, nazo zina mkasa wake. Baada ya kifo cha Chopin dada yake mkubwa, Ludwika, alizichukua kuelekea Poland, akaziacha kwa watu karibu na mpaka kwa kuogopa ukaguzi. Mwaka 1851 mwandishi Alexandre Dumas mdogo alizikuta huko Mysłowice, akamwarifu Sand, na zikarudi kwake. Sand akaziangamiza. Ndiyo maana leo mapenzi yao ya karibu miaka tisa tunayasoma upande mmoja, tena kwa vipande.

Kisha kuna zile za kughushi. Mwaka 1945 mwanamke aitwaye Paulina Czernicka alijitokeza Poland akisema anazo barua za Chopin kwa Delfina Potocka, mwanafunzi wake, zilizojaa maneno ya faragha na maelezo ya utunzi. Alitoa maandishi yaliyonakiliwa. Barua zenyewe hakuzionyesha kamwe. Wataalamu wengi wamezikataa, lakini nukuu zake zinaendelea kuzungushwa hadi leo kama maneno ya Chopin. Ukiletewa barua "mpya" ya Chopin, anza kwa kuuliza ilikuwa wapi mwaka 1863, mwaka 1939 na mwaka 1945.

Katika katalogi naona herufi kama ALS, TLS, L.A.S. Zinamaanisha nini?

ALS ni barua iliyoandikwa yote kwa mkono wa mwenyewe na kutiwa saini yake. TLS ni barua iliyopigwa taipureta, saini tu ndiyo ya mkono. LS ni barua iliyoandikwa na mtu mwingine, mara nyingi katibu, kisha mwenyewe akatia saini. Katalogi za Kifaransa hutumia L.A.S. kwa ile ya kwanza, na za Kijerumani huandika E. Br. m. U. Tofauti ya bei kati ya ALS na LS ya mtu yule yule ni kubwa, kwa hiyo usipitie herufi hizi haraka haraka. Ukiona AMQS, hiyo ni mistari michache ya nota aliyoiandika mwenyewe na kuisaini, kwa kawaida kwenye albamu ya shabiki.

Ni nini kinachopandisha thamani ya barua moja kuliko nyingine?

Yaliyomo. Barua ambayo mpiga piano anamweleza mwanafunzi jinsi ya kushika mwendo wa kipande fulani ina uzito kuliko barua kumi za kushukuru kwa chakula cha jioni. Baada ya hapo ni aliyeandikiwa: Liszt kwa mtunzi Wagner si sawa na Liszt kwa mwenye hoteli. Kisha tarehe. Barua iliyoandikwa wiki ya tukio linalojulikana, kama onyesho la kwanza la kazi fulani au kifo cha rafiki, huvuta watu wengi. Nota za muziki zikichorwa ndani ya barua, hata vipimo viwili tu ili kufafanua hoja, bei hupanda ghafla.

Hali ya karatasi ina nafasi yake pia, ila nadhani wanunuzi wapya huipa uzito kupita kiasi. Doa la maji kwenye pembe halijaharibu barua. Mstari uliokatwa kwa mkasi ili kuchukua saini, hilo limeiua. Katika karne ya 19 mtindo wa kukata saini na kuzibandika kwenye albamu ulienea, na barua nyingi nzuri zilikatwa mkia hivyo. Barua isiyo na saini ila yenye maneno yote ni bora, kwa maoni yangu, kuliko saini isiyo na barua.

Nitajuaje kwamba barua ni halisi?

Hakuna kipimo kimoja. Unakusanya dalili, na dalili zote zielekee upande mmoja.

Anza na karatasi. Inyanyue mbele ya mwanga utafute alama ya maji iliyomo ndani yake: jina la kiwanda, nembo, wakati mwingine mwaka. Karatasi za matambara ya kitani na pamba ndizo zilizotawala hadi katikati ya karne ya 19. Karatasi za miti zilienea baadaye, na hizo huwa za njano na kukatika kwa urahisi. Kisha tumia taa ya ultravayoleti chumbani penye giza. Karatasi nyingi za baada ya miaka ya 1950 zina kemikali ya kuzing'arisha, nazo huwaka rangi ya samawati nyeupe. Ikiwaka hivyo, Liszt hakuigusa.

Wino wa kawaida wa karne ya 19 ulitengenezwa kwa vivimbe vya mti wa mwaloni, chumvi ya chuma, gundi ya mti na maji. Ukiandikwa huwa mweusi, na kadiri miaka inavyopita hugeuka hudhurungi. Mahali ulipokolea unaweza kula karatasi hata ikatoboka. Chini ya lenzi utaona nyayo za kalamu: nibu ya chuma ikikandamizwa hufunguka meno yake na kuacha mistari miwili myembamba pembezoni mwa kila mkwaju wa kushuka. Maandishi yaliyochapwa kwa mashine hayana nyayo hizo, na mara nyingi utaona vitone vidogo vilivyopangika. Kalamu ya bolpeni ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1945, kwa hiyo barua ya Rachmaninoff ya bolpeni haiwezekani. Alifariki Machi 1943.

Sasa shika barua ya miaka ya 1830, uitazame kwa utulivu. Haina bahasha, kwa sababu bahasha zilikuwa hazijazoeleka. Ni karatasi moja kubwa iliyokunjwa katikati ikawa kurasa nne. Maneno yamejaza kurasa tatu, na katikati ya ukurasa wa nne kuna anwani peke yake, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa nje baada ya barua kukunjwa kuwa kifurushi. Ncha zilichomekwa moja ndani ya nyingine na kupigwa lakiri nyekundu au nyeusi. Aliyeipokea aliifungua kwa kuvuta, na lakiri ikaondoka na kipande cha karatasi. Kwa hiyo kuna tundu, na ukigeuza ukurasa wa tatu utakuta tundu hilo limemeza neno zima au nusu ya neno. Hiyo ni dalili njema. Anayeghushi hutumia karatasi ya zamani ambayo tayari imetoboka, na kalamu yake hulikwepa tundu: maneno yanasogea kushoto na kulia, hakuna hata herufi iliyopotea. Mikunjo nayo husema. Barua huandikwa kwanza kisha ikakunjwa, kwa hiyo wino umevunjika pamoja na mkunjo. Wino ukiwa umesambaa na kunyonywa ndani ya ufa wa mkunjo, aliyeandika aliikuta karatasi imekwisha kunjwa zamani.

Mwisho ni mwandiko na mahali. Linganisha na barua za miaka ile ile, si za miaka 30 kabla, maana mkono wa mtu hubadilika na umri na maradhi. Halafu uliza kama alikuwako. Liszt aliishi Weimar kuanzia 1848 hadi 1861, akahamia Roma, na tangu 1869 aligawa mwaka wake kati ya Roma, Weimar na Budapest. Barua inayodai kutoka Weimar mwaka 1865, mwaka aliopokea daraja ndogo za ukasisi huko Roma, lazima ijieleze.

Barua yangu ina siku ya wiki tu, haina mwaka. Naipaje tarehe?

Hili ni la kawaida mno; Chopin na Liszt wote waliandika "Jumanne" wakaishia hapo. Anza na muhuri wa posta kama upo. Stempu pia husaidia: ya kwanza ya kubandikwa ilitoka Uingereza Mei 1840, na kadi za posta zilianzishwa Austria-Hungaria Oktoba 1869, kwa hiyo kadi yoyote ni ya baada ya hapo. Kisha tazama matukio yaliyotajwa: tamasha, ugonjwa, uchapishaji wa kazi. Siku ya wiki ikiwa pamoja na tarehe ya mwezi, kalenda itakupunguzia miaka hadi kubaki michache.

Kwa Warusi kuwa mwangalifu zaidi. Urusi ilifuata kalenda ya Julian hadi mwanzoni mwa 1918, ambapo baada ya Januari 31 ikaja Februari 14. Katika karne ya 19 tarehe zao zilikuwa nyuma kwa siku 12, na kuanzia 1900 kwa siku 13. Barua kutoka Leipzig kwa mpiga piano Anton Rubinstein na jibu lake kutoka St. Petersburg zinaweza kuonekana kana kwamba jibu limetangulia swali. Wengine waliandika tarehe zote mbili, moja juu ya nyingine. Ukiona hivyo shukuru.

Siwezi kusoma mwandiko hata kidogo. Je, ni mbovu au ni mimi?

Huenda ni Kurrent, mwandiko wa Kijerumani uliofundishwa shuleni hadi mwaka 1941. Clara Schumann na rafiki yake, mtunzi Brahms, waliutumia. Herufi e hufanana na n, na s ndefu hushuka chini ya mstari. Hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi bila kujifunza. Unajifunzika, na njia bora ni kuchukua barua iliyokwisha kuchapishwa, yenye picha na maandishi yake kando kwa kando, ukaifuata herufi kwa herufi. Beethoven-Haus ya Bonn imeweka barua nyingi za Beethoven mtandaoni kwa mtindo huo. Naye kabla uziwi haujamzidi alikuwa mpiga piano wa kutisha. Mwandiko wake ni mgumu kupita wengi, kwa hiyo ukimweza yeye wengine watakuwa mteremko.

Muuzaji ameniletea cheti cha uhalisi. Kinatosha?

Hapana. Cheti kina thamani ya aliyekitoa, basi. Uliza jina lake, amebobea katika nini, na kama atarudisha fedha zako endapo barua itathibitika bandia, bila kikomo cha muda. Jibu la swali hilo la mwisho litakueleza zaidi ya muhuri wa dhahabu.

Je, saini inaweza kuwa ya katibu?

Ndiyo, hasa kwa waliokuwa wakipokea barua za mashabiki kwa magunia. Paderewski alikuwa na makatibu wa kumwandikia. Liszt katika mwaka wake wa mwisho macho yalikuwa yamedhoofika kwa mtoto wa jicho, kwa hiyo barua za 1886 ziangaliwe mara mbili: maneno ni yake, mkono huenda si wake. Barua ya aina hiyo ina nafasi yake kwenye mkusanyo mradi ielezwe ilivyo na ilipiwe ilivyo. Picha zilizochapwa pamoja na saini nazo ni nyingi, na lenzi huzifichua upesi.

Historia ya umiliki ni muhimu kiasi gani?

Kwangu ni nusu ya barua. Ninataka kujua ilitoka kwa nani kwenda kwa nani, tangu ilipofunguliwa hadi leo, au angalau nijue pengo liko wapi. Kwa Ulaya pengo linalonitia hofu ni kati ya 1933 na 1945. Arthur Rubinstein alikuwa na nyumba Paris. Wanazi waliipora mwaka 1940 na kuchukua maktaba yake ya muziki. Sehemu ya mali hiyo ilipelekwa Urusi baada ya vita, ikarudi Berlin, na hatimaye mwaka 2006 Ujerumani ikairudisha kwa familia yake: hati na vitabu vya nota 71. Mwaka uliofuata familia ikaikabidhi chuo cha muziki cha Juilliard mjini New York. Zaidi ya miaka 60 ilipita kabla haki haijatendeka, na wako wengine ambao karatasi zao hazijarudi.

Tafuta pia kama barua imewahi kuorodheshwa mahali. Kalliope, orodha inayotunzwa na maktaba ya Staatsbibliothek ya Berlin, huonyesha barua zilizomo katika hifadhi nyingi za Ujerumani. Ukikuta barua unayouziwa imo humo kama mali ya maktaba, simamisha malipo na uwaandikie wao kwanza.

Brahms na Clara Schumann waliharibu barua zao. Tuna haki gani ya kusoma za wengine?

Mwaka 1887 wawili hao walirudishiana barua walizoandikiana kwa zaidi ya miaka 30, kwa nia kwamba zisibaki. Brahms aliziangamiza nyingi za kwake. Clara naye alianza, hadi binti yake Marie akamsihi asimalize. Tulizonazo zimeokolewa na binti huyo.

Naliheshimu swali hili. Jibu langu ni kwamba aliyefariki zaidi ya karne moja iliyopita hadhuriki tena kwa kusomwa, ila anadhurika kwa kusomwa vibaya: kwa kunukuliwa sentensi moja bila inayofuata, au kwa barua kugawanywa kurasa na kuuzwa vipande vipande. Wale waliofariki juzijuzi, na wanaotajwa ndani ya barua zao wakiwa hai, ni suala jingine. Barua inayozungumzia ugonjwa au ndoa ya mtu aliye hai haipaswi kuonyeshwa hadharani, hata kama uliilipia.

Nihifadhi vipi barua yangu?

Baridi kiasi, kavu kiasi, gizani. Nyuzijoto 18 hadi 20 na unyevu kati ya asilimia 35 na 50 panafaa, na kilicho muhimu kuliko namba zenyewe ni kwamba zisipande na kushuka kila siku. Weka barua ikiwa imekunjuliwa ndani ya bahasha ya poliesta safi au karatasi isiyo na asidi, kisha ndani ya boksi lisilo na asidi. Plastiki laini za PVC hutoa kemikali na kushikana na wino, ziondoe leo.

Usitumie selotepu. Usipige laminesheni. Usiandike chochote juu yake kwa kalamu ya wino. Palipochanika pakarabatiwe na fundi wa karatasi, anayetumia karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, kwa sababu kazi hiyo inaweza kutenduliwa bila kuacha alama. Barua ya wino wa chuma ambayo mistari yake imeanza kukatika isikunjwe tena hata mara moja, wala isipakwe maji. Na glavu za pamba si lazima: mikono iliyooshwa ikakauka vizuri huhisi karatasi, glavu hazihisi, na ndizo zinazochana pembe.

Naweza kuitundika ukutani?

Tundika nakala nzuri. Mwanga uliofifisha wino haurudishwi. Ukilazimika kuonyesha yenyewe, iwe kwa miezi michache, kwa mwanga usiozidi lux 50, nyuma ya kioo kinachozuia ultravayoleti, na karatasi isigusane na kioo.

Nimeinunua. Je, naweza kuichapisha?

Ulichonunua ni karatasi na wino. Maneno ni ya aliyeandika na warithi wake hadi hakimiliki iishe. Katika Umoja wa Ulaya, Uingereza na Marekani kanuni ya jumla ni miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo barua za Liszt na Clara ziko huru kwa kipimo hicho, za Horowitz na Gould bado. Kuna mitego miwili. Uingereza ina sheria inayolinda maandishi mengi ambayo hayajawahi kuchapishwa hadi mwisho wa 2039, hata kama mwandishi alifariki zamani. Na katika Umoja wa Ulaya, anayechapisha kwa mara ya kwanza maandishi ambayo hakimiliki yake imeisha hupata haki yake mwenyewe ya miaka 25. Kwa barua ya karne ya 20, andikia warithi kabla ya kuiweka popote.

Nikinunua nchi nyingine, naweza kuivusha mpaka?

Uliza kabla ya kulipa. Hati za mkono zilizozidi miaka 50 huhitaji kibali ili zitolewe nje ya Umoja wa Ulaya, na Uingereza nayo ina utaratibu wa leseni. Nchi kama Poland na Urusi ni kali zaidi kwa karatasi za watu wao wakubwa. Nyumba nzuri ya mnada hukushughulikia kibali. Muuzaji anayekuambia "iweke tu ndani ya kitabu" mwache na barua yake.

Nianze na nini, na nikanunue wapi?

Chagua mtu mmoja ambaye muziki wake unaujua, soma barua zake zilizokwisha kuchapishwa, kisha ndipo uangalie soko. Kijibarua cha Liszt cha mistari sita, ambacho unajua kiliandikwa kwa nani na kwa nini, kitakufundisha zaidi ya picha kumi zenye saini. Kadi za posta za wapiga piano wa mwanzoni mwa karne ya 20 nazo ni mwanzo mzuri: zina muhuri, tarehe na anwani, na wakusanyaji wakubwa huzipuuza.

Nunua kwa wauzaji walio wanachama wa vyama vyenye kanuni za maadili, kama umoja wa kimataifa wa wauzaji wa vitabu vya kale, ILAB, ulioanzishwa 1947, au kwa nyumba za mnada zenye idara ya hati. Nyumba ya mnada ya J. A. Stargardt ya Berlin ilianzishwa 1830, na katalogi zake za zamani zenyewe ni shule.

Nina fungu la barua za familia, zote kwa mtu mmoja. Niziuze moja moja?

Tafadhali usifanye hivyo kabla hazijapigwa picha, zote, mbele na nyuma, pamoja na bahasha. Barua 20 kwa mwanafunzi mmoja huonyesha namna mwalimu alivyomkuza mwaka hadi mwaka; zikitawanywa kwa wanunuzi 20, mazungumzo hayo yamekwisha. Ongea kwanza na maktaba au hifadhi yenye karatasi za mpiga piano huyo. Wakati mwingine watanunua fungu zima, na wakishindwa wataomba picha za kidijitali. Wape. Bei yako haishuki kwa sababu ya nakala, na mnunuzi makini atafurahi kujua kwamba wataalamu wameziona na hawakuzikana. Ukiuza, andika orodha ya tarehe na wapokeaji, na umkabidhi mnunuzi pamoja na kila unachojua kuhusu zilivyofika mikononi mwa familia yako.